Gor Mahia: Ruoth wa Kanyamwa ambaye jina lake lilivuka mipaka ya Kenya

MAELFU ya mashabiki wa kandanda hulitaja jina la Gor Mahia kila wikendi bila kukumbuka kwamba, kabla ya kuwa klabu, Gor alikuwa mtu. Aliishi, akatawala na kufa katika nchi ya Kanyamwa, eneo ambalo leo limo Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay. Hakuwahi kuisakata kabumbu. Bendera ya Kenya hakuiona pia, kwa kuwa alifariki miongo kadhaa kabla ya kupandishwa kwake mwaka 1963. Hata hivyo, ni vigumu kumtaja mtawala mwingine wa kijadi nchini Kenya ambaye jina lake limetangazwa mara nyingi kama lake katika viwanja vya Kampala, Dar es Salaam, Khartoum, Yaounde na Tunis.

Jina alilopewa kwao lilikuwa Gor, mwana wa Ogada. Mahia lilikuwa jina la sifa, linalotajwa kuwa na maana ya maajabu au uganga, nalo lilimganda hadi likawa sehemu ya jina lake. Lakabu ya K'Ogalo ambayo mashabiki wa klabu huitumia hadi leo nayo hutokana na ukoo wake: ni kusema nyumbani kwa Ogalo. Hivyo basi, shabiki anayeimba K'Ogalo katika uwanja wa Nyayo, awe ametoka Migori, Mombasa au Kakamega, anajihesabu kuwa mtu wa nyumba hiyo moja ya Kanyamwa, atake asitake.

Ili kumfahamu Gor, yafaa kwanza kuifahamu nchi yake. Kanyamwa imekaa upande wa kusini wa Ghuba ya Winam, juu ya mteremko mkali unaoitwa kwa jina lake, ambao unalitazama Bonde la Lambwe. Katika bonde hilo ndimo ilimo Mbuga ya Taifa ya Ruma, na kwa muda mrefu mbung'o waliokuwa humo waliwazuia watu na mifugo kulikalia. Upande wa kusini, nchi inashuka kuelekea Kadem, Karungu na ufuo wa Ziwa Victoria, maeneo ambayo sasa yamo katika Kaunti ya Migori. Kwa upande wa mashariki kuna vilima vya Wagusii, na kusini zaidi ni makao ya Wakuria. Kwa ufupi, mtu aliyezaliwa Kanyamwa katika karne ya 19 alizaliwa katikati ya majirani wengi, na si wote waliomtakia mema. Ng'ombe ndio waliokuwa utajiri, na palipo na ng'ombe hapakosekani mvamizi.

Ushahidi wa hofu hiyo ungalipo. Huko Thimlich Ohinga, katika Kaunti ya Migori, zimesimama kuta za mawe zilizojengwa tangu takriban karne ya 16 bila saruji wala udongo wa kuyashikanisha mawe. Baadhi yake zina urefu wa kumshinda mtu mzima, na milango yake ni mifupi kiasi kwamba anayeingia hulazimika kuinama. Zilijengwa kuwalinda watu pamoja na mifugo yao. Mwaka 2018 shirika la Unesco liliziingiza katika orodha ya turathi za dunia. Wakazi wa eneo hilo walijua, tangu enzi za mababu, kwamba asiye na nguvu za kutosha hana budi kutafuta kinga nyingine.

Kinga ya Gor haikuwa ukuta. Katika masimulizi ya Waluo, yeye anakumbukwa kwa kujigeuza. Husimuliwa kwamba adui walipomfuata boma lake walimkuta mwanamke mkongwe, na mara nyingine mtoto, wakampita bila kutambua kuwa ndiye waliyekuwa wakimsaka. Wengine husema aligeuka mnyama. Alisifika pia kwa dawa, kwa kuagua na kwa kuyajua mambo ya mbali kabla hayajafika. Kila boma lina namna yake ya kuisimulia hadithi hiyo, na kila msimulizi huongeza chumvi kwa kadiri ya wasikilizaji wake.

Msomaji wa leo anaweza kuyatupilia mbali masimulizi hayo kuwa ni ushirikina. Lakini akiyachunguza ataona kwamba karibu yote yana mpangilio mmoja. Gor hamshindi adui kwa wingi wa mikuki. Anamshinda kwa kumjua kuliko anavyojulikana. Anafahamu adui anamtafuta mtu wa namna gani, kisha anakuwa mtu wa namna nyingine. Kwa kiongozi wa watu wachache waliozungukwa na wengi, maarifa hayo yalikuwa na thamani kuliko jeshi. Uganga wake, hata kwa asiyeuamini, ulikuwa silaha ya siasa: jirani aliyeamini kwamba Gor anaweza kumwona pasipo kuonekana alifikiri mara mbili kabla ya kuivamia Kanyamwa.

Mtihani mkubwa wa maarifa hayo ulikuja na wageni. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuigawa nchi upande wa mashariki wa Ziwa Victoria kwa mstari ulioanzia ufuoni katika latitudo ya digrii moja kusini mwa ikweta, si mbali na Muhuru ya leo katika Kaunti ya Migori. Waluo na Wakuria waliokuwa wakiishi pande zote mbili hawakuulizwa. Walilala jamaa, wakaamka wengine wakiwa raia wa malkia wa Uingereza na wengine wa mfalme wa Ujerumani. Hadi sasa mpaka huo ndio unaoitenga Isebania na Sirari, na ndio unaowafanya Waluo wa Rorya kuwa Watanzania na ndugu zao wa Nyatike kuwa Wakenya.

Upande wa pili nako hakukuwa shwari. Hadi mwaka 1902 nchi ya Waluo, kwa mujibu wa ramani za Waingereza, ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Aprili mwaka huo ilihamishwa na kutiwa katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Kwa maneno mengine, mtu ambaye jina lake limekuwa mwiba kwa klabu za Uganda alihesabiwa, katika makaratasi ya wakoloni, kuwa mtu wa Uganda kabla hajawa wa Kenya. Hilo lapasa kukumbukwa na kila anayedhani kuwa upinzani wa mataifa yetu ni wa tangu kuumbwa kwa dunia.

Waingereza walipoanza kuitawala Nyanza Kusini, kwanza wakiwa na kituo chao Karungu na baadaye Kisii, walimkuta Gor tayari ni ruoth, yaani mtawala wa watu wake. Hakuchagua njia ya vita. Kwingineko katika ukanda huo waliopinga kwa silaha waliadhibiwa vikali. Mwaka 1908 vijiji vya Wagusii viliteketezwa na mifugo kuswagwa baada ya ofisa wa serikali kuchomwa mkuki. Gor alikubaliana na utawala mpya, naye akatambuliwa kuwa chifu. Wapo watakaomlaumu kwa hilo, kwa kuwa chifu wa wakati huo ndiye aliyekusanya kodi ya nyumba na kutoa vijana wa kwenda kufanya kazi. Lawama hiyo ina uzito wake. Lakini yule aliyezoea kujigeuza mbele ya adui aliyemzidi nguvu alifanya lile lile mara ya mwisho, akageuka mtu wa serikali, na Kanyamwa ikabaki Kanyamwa. Pengine si ajabu kwamba mashabiki wa klabu yake, miaka mingi baadaye, wameipa lakabu ya Sirkal, ambayo ndiyo hiyo hiyo serikali katika ulimi wa Kiluo.

Gor alifariki bila kuacha maandishi. Alichoacha ni jina, na jina hilo lilisafiri pamoja na watu. Kodi na njaa ya mshahara viliwapeleka vijana wa Nyanza Kusini kwenye reli, bandarini, katika mashamba ya chai na katika mitaa ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Huko ugenini waliunda vyama vya kusaidiana katika maradhi, misiba na karo, na kando ya vyama hivyo wakaunda timu za kandanda.

Wakati huo kandanda ilikuwa imekwisha kuwa uwanja wa mataifa kupimana. Kombe la Gossage, lililotolewa na kampuni ya sabuni ya jina hilo, lilianza kushindaniwa mwaka 1926 baina ya Kenya na Uganda. Tanganyika ilijiunga mwaka 1945 na Zanzibar mwaka 1949. Ndilo lililozaa mashindano yanayojulikana leo kama Kombe la Cecafa. Wakoloni waliochora mipaka kwa rula walikuwa pia wamewapa waliogawanywa mahali pa kuishindania mipaka hiyo kwa miguu.

Klabu ya Gor Mahia ilizaliwa mwaka 1968 kutokana na kuunganishwa kwa timu za Waluo jijini Nairobi, nayo ikatwaa ubingwa wa ligi mwaka huo huo. Waanzilishi wangeweza kuchagua jina la ziwa, la mlima au la kabila. Walichagua la mtu. Uamuzi huo ulionekana mdogo, lakini uliwafaa baadaye. Mwaka 1980 Rais Daniel arap Moi alipoagiza vyama vya kikabila vivunjwe, klabu zilizobeba majina ya makabila zililazimika kuyaacha. Abaluhya ikawa AFC Leopards. Luo Union, iliyokuwa bingwa wa Afrika Mashariki na Kati mwaka 1976 na 1977, ikawa Re-Union. Jina la Gor lilibaki. Alikuwa amewapita tena waliokuwa wakimtafuta.

Katika mashindano ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati, Gor Mahia ilitwaa kombe mwaka 1980, 1981 na 1985. Mwaka 1981 ilikuwa kwa kuilaza Simba ya Tanzania katika fainali iliyochezwa Nairobi. Hata hivyo, nje ya ukanda huu mambo yalikuwa magumu. Mwaka 1979 klabu hiyo ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika na kukutana na Canon ya Yaounde. Ililala 2-0 nyumbani, kisha ikatandikwa 6-0 nchini Cameroon. Waliotumaini kwamba jina la mganga lingetosha walipata somo chungu mbele ya umma.

Ulimwenguni kote, upinzani wa mataifa michezoni hubeba mizigo mizito kuliko mchezo wenyewe. Mfano mmoja ni hoki ya barafuni, mchezo ambao wengi wetu tumeuona kwenye runinga tu. Agosti 1968 vifaru vya Urusi ya Kisovieti viliingia Prague na kuuzima uhuru mchanga wa Czechoslovakia. Machi 1969, katika mashindano ya dunia jijini Stockholm, taifa hilo dogo liliishinda timu ya Urusi mara mbili, na wananchi wake wakafurika barabarani kusherehekea kile ambacho silaha zilikuwa zimewanyima. Mwaka 1980, huko Lake Placid, vijana wa vyuo wa Marekani waliwalaza Warusi hao hao 4-3 walipokuwa hawatarajiwi kufua dafu. Katika visa vyote viwili, mdogo alimshinda mkubwa kwa kumsoma, kumvumilia na kuichagua saa yake. Mzee yeyote wa Kanyamwa angeitambua hadithi hiyo.

Mwaka 1987 zamu ilikuwa ya Kenya. Agosti, katika fainali ya Michezo ya Afrika kwenye uwanja mpya wa Kasarani, Harambee Stars ilifungwa 1-0 na Misri mbele ya mashabiki wake. Majonzi hayo hayajapoa, Gor Mahia ikafika fainali ya Kombe la Washindi, kombe ambalo Wakenya wengi hulikumbuka kwa jina la Nelson Mandela, aliyekuwa bado gerezani. Mpinzani alikuwa Esperance ya Tunisia. Kwa mara ya pili katika miezi michache, Kenya ilikuwa inakabiliana na Afrika Kaskazini, ambayo klabu na timu zake za taifa zilikuwa na mali, mafunzo na tajriba ya kutuzidi.

Mkondo wa kwanza ulichezwa Tunis, na Gor ikatoka huko na sare ya 2-2. Wa pili ulichezwa Kasarani mwezi Desemba, ukaishia 1-1. Kwa kanuni ya mabao ya ugenini, kombe likabaki Nairobi. Nahodha Austin Oduor alilinyanyua, na Peter Dawo, aliyekuwa mfungaji hodari wa mashindano hayo, akaingia katika orodha ya majagina wa taifa. Usiku huo haikuulizwa nani ni Mluo na nani ni shabiki wa AFC Leopards, watani wa jadi. Jina la ruoth wa Kanyamwa lilikuwa, kwa muda, jina jingine la Kenya.

Wapo waliodai, na wangalipo wanaodai, kwamba ule ulikuwa uganga wa mwenye jina. Ukweli ulikuwa wa kawaida zaidi, na una heshima zaidi. Timu ambayo mwaka 1979 ilifungwa mabao manane bila jibu ilikuwa imejifunza kwamba kombe la mikondo miwili hutafutwa ugenini. Iliyafunga mabao mawili mahali ambapo kila bao lilikuwa na thamani ya ziada, ikarudi nyumbani kulinda. Ushindi ule ulitokana na hesabu, na hesabu ilitokana na kumjua mpinzani. Kama kuna urithi wa Gor uliofanya kazi Kasarani, ni huo.

Urithi huo ndio unaopasa kutuhangaisha sasa. Tangu 1987 hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyotwaa kombe la bara, wala ya Uganda au Tanzania. Lakini majirani wetu wamekaribia. SC Villa ya Uganda ilicheza fainali ya klabu bingwa Afrika mwaka 1991. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023 na kulikosa kwa kanuni ile ile ya mabao ya ugenini iliyotupa sisi furaha, mbele ya USM Alger ya Algeria. Simba ikafika fainali ya kombe hilo mwaka 2025, ikashindwa na RS Berkane ya Morocco. Katika kipindi hicho hicho, hatua ya mbali iliyofikiwa na Gor Mahia ilikuwa robo fainali ya msimu wa 2018-19, ilipong'olewa na Berkane hao hao. Mwaka 2022 Kenya ilifungiwa na Fifa kwa miezi kadhaa kutokana na mvutano wa uongozi. Wakati sisi tukizozana nani aongoze, Watanzania walikuwa wakisajili, wakijenga na kuwasoma wapinzani wao. Walifanya kazi ya Gor, ilhali sisi tulibaki na jina lake.

Nyumbani kwake pia jina hilo lina deni. Nyanza Kusini ya zamani haikosi ari. Sony Sugar ya Awendo, Kaunti ya Migori, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu mwaka 2006, na Juni 2025 sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika katika uwanja wa Raila Odinga mjini Homa Bay. Majini, mzozo wa kisiwa kidogo cha Migingo, uliopamba moto mwaka 2009, umeonyesha jinsi wavuvi wa Migori na wa Uganda wanavyoweza kugeuzwa maadui na mstari wasiouchora. Mahali kama hapo, mashindano ya uwanjani ni neema: mshindi huondoka na kombe, aliyeshindwa hurudi kwao mzima, na mwaka ujao hukutana tena.

Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Watoto wa Ndhiwa, Rongo na Nyatike wataitazama michuano hiyo wakiwa wamekulia katika nchi ya Gor, na wengi wao wataambiwa habari za mtu aliyegeuka mkongwe ili adui asimwone. Hadithi hiyo wanastahili kuipata nzima. Waelezwe kwamba alikuwa kiongozi wa watu wachache, aliyeishi baina ya majirani wenye nguvu na himaya mbili za kigeni, na kwamba aliwavusha watu wake kwa kutumia akili pale ambapo mikuki isingetosha. Anayeukumbuka uganga peke yake atangoja maajabu, na maajabu hayajafika kwa miaka mingi sasa.